Mwaka Nilipokataa Kusimamisha Wimbo

Nilikuwa jikoni kwangu Nyamasaria nikiparua magamba ya ngege simu ilipolia, na kwa vile mikono ilikuwa na utelezi niliipokea kwa kidole cha mwisho. "Mama Siprosa," sauti ya mwanaume ikasema, "mimi ni Felix, kijana wa Mzee Opija. Mzee ametuacha." Nikasema pole, maana nililelewa vizuri. Ndipo akatoa lililomfanya anitafute: mazishi ni Jumamosi, huko kwao kijijini, na familia imekaa ikaona lazima niimbe. "Watu wote wanajua Mzee ndiye alikutoa kimuziki. Uje tu, mama. Umsifu mara moja, basi." Jamani, nilicheka! Nilicheka mpaka samaki akaniponyoka akaanguka kwenye beseni. "Felix," nikamwambia, "unajua meno ya mbele ya baba yako yalitolewa na nani?" Akasema hayo ni mambo ya kitambo. Ya kitambo kwake, alikuwa bado hajazaliwa. Nikamwambia nitamjibu, nikamaliza samaki wangu, nikampigia Auma.

Auma ndiye mpiga besi wangu tangu tulipokuwa wasichana. Wanaotusikiliza siku hizi ni vijana wa simu, wenye ndevu zilizochongwa na mabinti wenye pete puani. Hupenda kuniuliza ni nani alinifundisha kuimba na gita la besi peke yake, bila ngoma, bila gita la solo, bila kinanda. Wanadhani ni maarifa ya kisasa. Na wote wanajua sheria yangu ile moja: wimbo nikishauanza hausimami, hata aingie gavana. Wanaiona kama maringo ya mzee na wanapiga makofi. Mimi huwaambia ni hadithi ndefu, nao hawana muda wa hadithi ndefu. Ninyi mnao, kwa hiyo kaeni niwaambie jinsi tulivyopigwa mwaka ule.

Mwaka ule kaseti zilikuwa zinakata roho na CD zinaingia, na bendi zilikuwa bado na wenyewe. Ninaposema wenyewe sina maana ya wanamuziki. Mwenye bendi alikuwa mtu aliyenunua vyombo. Magita yake, amplifaya yake, spika zake, basi na sisi wake. Opija alikuwa na ukumbi pale mpakani mwa Nyalenda, ukumbi wa mabati uliopakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa kiuno, ambao leo ni duka la watu kubahatisha matokeo ya mpira. Ukumbi ulikuwa na neno Jazz ukutani, kwa sababu wakati ule kila bendi ya hapa ilijiita Jazz, hata iliyopiga benga tupu, muziki wetu wa magita. Ndani kulikuwa na chumba cha mazoezi kilichonuka jasho na solda, na nyuma ya mlango palining'inia waya wa gita uliokufa. Ulikuwa umekufa kwa kazi ya sauti tu. Ukikosea noti mazoezini, Opija alisimama taratibu, akautungua ule waya, akaukunja mara mbili, akakuchapa nao mgongoni, mwanamume kwa mwanamke, kisha akaurudisha kwenye msumari na kusema, "Tena, kutoka mwanzo." Okech, mpiga ngoma wetu, mtu mzima mwenye watoto, alichapwa mbele yetu akalia. Tulitazama sakafu, kisha tukaanza tena kutoka mwanzo.

Mimi na Auma tulikodi chumba kimoja Nyalenda, kitanda kimoja, jiko moja la makaa, pazia moja la kugawa nisichojua nini na nini. Jioni alivua blauzi nikampaka mafuta kwenye alama za waya, naye akanipaka zangu, huku sufuria ya mgongo wazi, mifupa ya samaki, ikichemka na nyanya. Samaki mwenye mnofu alikuwa wa wenye pesa. Sisi tulinunua mifupa iliyobaki kiwandani, ikakaangwa, na tukaifyonza kwa raha mpaka macho yakatoka machozi. Ukuta ulikuwa bati, kwa hiyo tulikula na majirani bila kuwaalika. Upande mmoja mume na mke waligombana kila chakula kilipoiva. "Leo utanijua!" mume angesema, na mke angejibu, "Nilikujua zamani, ndiyo shida yangu," kisha tungesikia vyombo vikiruka. Auma alikuwa na kaseti moja isiyo na jalada, aliyoikuta kwenye redio ya mitumba. Ndani yake mwanamke aliimba polepole kwa lugha tuliyoikamata nusu nusu, na chini yake gita la besi lilitembea peke yake. Mwanamke yule hakukimbizana na mdundo. Alichelewa makusudi, akaufuata kama mtu anayejua chakula hakitamalizika kabla hajafika. Hatukupata kujua jina lake. "Hii ndiyo jazz yenyewe," Auma akasema, "ile ya ukutani kwa Opija ni rangi tu."

Akatunga wimbo wake katika mwendo ule, akanipa niuimbe kwa sababu yeye sauti yake ilikuwa ya kuitia kuku. Ulianza hivi: mgongo wangu si barabara, mbona kila mtu apita? Mara ya kwanza kuuimba ukumbini kwa Opija, nilifika mstari wa pili mkono ukainuka. Asiye wa kwetu lazima nimweleze hapa. Huku, mtu muziki ukimkolea ana haki ya kuusimamisha. Anainua mkono, anakuja mbele na noti yake ya pesa, bendi inashusha sauti, mwimbaji anafunga mdomo hata kama neno liko nusu, na yule bwana anashika maikrofoni na kujisifu: mimi ndiye fahali wa fulani, mkwe wa fulani, nikikohoa wanafunga milango. Tunaiita pakruok. Watu wanashangilia, muziki unarudi, mwingine anainua mkono. Ni jambo tamu, sikatai. Nimecheka sana kwa pakruok. Lakini wimbo wa Auma ulikatwa kila ulipoanza, Jumamosi baada ya Jumamosi, na wanaume waliokuwa wakisifia ubabe wao juu ya mgongo wake. Mimi nikataka kitu kimoja tu mwaka ule, nikakitaka mpaka nikakosa usingizi: kuuimba wimbo ule mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nilimwambia Opija ana kwa ana, mchana, akiwa anakula. Nilisema, "Mzee, wimbo huu mmoja tu, watu wangoje uishe." Alikuwa anamega ugali, akaumega hadi mwisho, akatafuna, akameza. "Siprosa," akasema, "hiyo sauti ilimea kwa maikrofoni yangu. Ni mali ya nani?" Nikasema ni yangu, mama yangu ndiye aliyeisikia kwanza siku niliyozaliwa. Kofi alilonipiga lilinikalisha chini, na mchuzi wa sahani yake ukanimwagikia mapajani. Nikainuka. Auma akainuka pia, akavua ule mkanda wa gita aliokuwa amekwisha kuuvaa, akaliweka gita sakafuni polepole kwa heshima, kwa sababu gita halikuwa na kosa. Tukatoka. Okech alitufuata mpaka mlangoni akasema, "Yawa, mtakula nini?" Kisha wiki ile ile naye akaja kwetu na fimbo zake za ngoma ndani ya gazeti, anacheka na kutetemeka.

Vyombo tulipewa na kanisa dogo la Nyalenda. Mchungaji alisema magita hulala bure siku za kazi na Jumapili baada ya ibada, na kama tungeyarudisha bila harufu ya pombe, Mungu hangekasirika. Hapo ndipo mawe yalipoanza. Opija alikuwa na vijana wake, wale aliowanunulia pombe ya chang'aa na kuwatuma, na walijua mlango wetu. Tungekuwa tunafanya mazoezi chumbani saa za mchana, na mabati juu yetu yangeanza kupigwa: pa! pa! Kipande cha tofali kilipita dirishani kikampasua Okech juu ya jicho, damu ikajaa kwenye ngozi ya ngoma ya kanisa. Aliifuta na shati lake akaendelea. Jirani yetu, yule mke wa vyombo vinavyoruka, alitoka nje na mwiko akawatukana mama zao mmoja mmoja kwa majina, nao wakamwangusha wakampiga mateke ya mbavu. Mume wake, mpigaji yule yule, alitoka na panga akawatimua. Jioni kupitia ukutani tulimsikia akimwambia, "Hakuna mtu wa kukupiga hapa," na yeye mke, na mbavu zake zile, akasema, "Isipokuwa wewe, siyo?" Tulicheka mpaka tukalia, kisha tukalia kweli.

Wiki iliyofuata walinikuta kwenye bomba la maji. Foleni ya mitungi ilikuwa ndefu, wanawake wakipiga soga, na vijana wawili wakaja moja kwa moja kwangu. Mmoja akaumwaga mtungi wangu. Mwingine akanisukuma kwenye ukuta wa bomba, akaweka kidole gumba hapa, kwenye kokwa la koo, akabonyeza. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Hii ni ya Mzee," akasema. "Ni wewe tu umeibeba." Nikaona nyota, nikaona miguu ya wanawake ikirudi nyuma, kisha nikasikia mtungi uliojaa ukitua kichwani kwake. Mwenye mtungi ni mwanamke niliyekuwa simjui. Alilalamika baadaye kwamba maji yake yamemwagika na ilibidi arudi nyuma ya foleni. Mimi sikuongea kwa siku kadhaa. Nilikunywa uji wa vuguvugu, na kila asubuhi nilijaribu noti moja chini ya blanketi, nikiogopa haitatoka. Niliwachukia, nawaambia ukweli. Nililala nikiwaua mmoja mmoja, na Opija nilimweka wa mwisho.

Aliyetupa mahali pa kuimba alikuwa Mama Wanjiku, mfanyabiashara aliyetoka Murang'a akafungua hoteli barabarani hapa hapa Nyamasaria, chai, chapati, maharagwe, samaki wa kukaanga. Alikuwa mfupi, mwenye leso mbili kiunoni, na hakuelewa kabisa mambo yetu. "Hiyo ya mtu kukatiza wimbo ajisifu, hiyo ni nini?" aliniuliza. Nilipomweleza, akasema, "Ati nini? Hapa mtu akitaka kujisifu aende akajisifu kwa bibi yake." Akatupa Jumapili alasiri, kona moja kati ya meza na friji ya soda. Jumapili ya kwanza walikuja watu wa kanisa, ya pili wakaja madereva wa malori, ya tatu hoteli ilijaa hadi watu wakakaa kwenye makreti. Hiyo ya tatu nikaona sasa, leo ndiyo leo. Nikamwambia Auma tuanze wimbo wake. Akafuta mikono kwenye sketi, akaanza ile besi ya kutembea.

Nilikuwa kwenye mstari wa tatu Opija alipoingia. Alivaa suti ya kanisani, na nyuma yake vijana wanne. Hakupiga kelele. Alikuja katikati ya meza, akainua mkono na noti juu, akangoja. Na hapo, oneni mambo ya mazoea: Okech alishusha ngoma. Mpiga gita la solo, kijana tuliyempata kanisani, akanyamaza. Hata wateja walishusha vijiko. Hakuna aliyeamua, mkono ukiinuka mikono mingine hujua kazi yake yenyewe, tumekuzwa hivyo. Nilibaki na sauti yangu imesimama hewani kama nguo iliyokatikiwa kamba, na nikajua nikifunga mdomo hapo sitaufungua tena. Kisha nikasikia chini yangu, dum, dum. Auma hakushusha. Alimtazama Opija usoni akaendelea kutembea na besi yake. Basi nikaendelea. Ilikuwa sauti na besi tu, na nawaapia sijawahi kusikia kitu kitupu namna ile na kizuri namna ile. Nikachelewa, nikaufuata mdundo kwa raha zangu, mwanamke wa kaseti alinisikia huko aliko. Opija alisimama na mkono juu mstari mzima wa nne, mstari wa tano. Kwetu kumwacha mwanaume na mkono juu mbele za watu ni kumvua suruali.

Hakunijia mimi. Alimjia Auma, akamvuta kwa gita, mkanda ukamkaba, akaanguka kifudifudi kwenye sementi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umeshika shingo ya gita. Opija akainua kiatu akakikanyagisha pale, akazungusha kisigino, nami nilisikia vile vidole. Jamani, nilivisikia. Auma hakupiga yowe, alitoa pumzi tu. Nikashika stendi ya maikrofoni, ile ya chuma ya kanisa yenye mguu mzito, nikaizungusha kwa nguvu zangu zote za kuteka maji, ikamkuta mdomoni. Meno yakatoka. Nikampiga tena begani akapiga magoti, na ningempiga mpaka leo kama Mama Wanjiku hangenishika kiuno. Vijana wakapindua meza, mafuta moto ya samaki yakamwagika, mmoja akateleza ndani yake akaungua miguu akilia kama mtoto, madereva wa malori wakawakamata wengine wakawatwanga kwa makreti. Chupa zilipasuka, mtu akang'atwa sikio. Mnaniuliza kama najuta? Sijuti. Najuta kwamba wimbo ulikuwa umebakiza mistari miwili.

Chifu alituita. Opija alikaa na leso mdomoni, Auma na mkono uliofungwa kama mkate, na chifu, mtu mpole aliyependa mambo yaishe, akanigeukia mimi. Alisema nimemwaga damu ya mtu mzima, baba yangu kwa umri, na njia ni nyepesi: niende ukumbini kwake Jumamosi, nisimamishe wimbo mwenyewe, nimsifu. "Umsifu mara moja tu, Siprosa, yaishe." Nikasema, "Chifu, nifunge." Akamgeukia Auma akamuuliza mkono umeumizwa na nani. Auma akatazama sakafu akasema, "Nilibanwa na mlango." Nilitaka kumzaba kofi mimi mwenyewe! Lakini vijana walikuwa wamekaa dirishani nje, na sisi tulikuwa na chumba cha bati. Bila neno lake hakukuwa na kesi, ila ya kwangu, na hiyo sikuingoja. Mimi na Auma tulihama kabla ya mwezi kuisha, tukaenda Awasi, nikaimba siku za soko bila maikrofoni kati ya wauza viazi na wauza mbuzi. Auma alifunga nyuzi upande wa pili, akajifunza upya kama mtoto: mkono wa kulia shingoni, na ule wa kushoto uliopinda akaugeuza wa kugonga nyuzi. Ikatoa sauti ambayo hakuna mwingine anayo. Tangu siku ile sijasimamisha wimbo kwa ajili ya mtu. Na Auma kila alipoulizwa kuhusu vidole vyake, na waandishi, na madaktari, na watoto wake mwenyewe, alisema mlango. Miaka yote hii, mlango. Tuligombana juu ya huo mlango kuliko juu ya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo nilipompigia siku ile ya ngege nilidhani atatukana. Akasema, "Twende." Nikamwuliza, "Kumsifu?" Akasema, "Twende nikamwone akishuka."

Jumamosi tulikuta mahema meupe, masufuria ya wali na nyama, spika ndefu kuliko migomba, na kijana mwenye kompyuta akipiga nyimbo kwa kidole kimoja. Bendi nzima sasa iko kwenye kile kidole, nami sina ugomvi nacho, hakichapi mtu kwa waya. Mshereheshaji alitangaza kwamba marehemu ndiye baba wa muziki wa ziwa, na hapa wapo mabinti zake wawili aliowalea kwa mkono wake. Kwa mkono wake! Auma alikaa na gita mapajani kando ya jeneza. Akaanza ile besi ya kutembea, nami nikaingia: mgongo wangu si barabara. Mstari wa tatu, Felix akainuka katika suti nyeusi, mkono juu, noti juu, aje amsifu baba yake. Niliendelea, kwa sheria yangu ile ile. Akasimama hapo na mkono wake, ana sura ile ile ya baba yake, na wazee wakaanza kunong'ona.

Ndipo besi ikanyamaza. Katika maisha yangu yote na Auma besi haijawahi kuninyamazia. Nikageuka nimwone kama ameanguka. Alikuwa amesimama, na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu, vidole vile vimepinda kila kimoja upande wake, mbele ya watu wote. Auma alikuwa anaomba pakruok. Nami, ambaye sijamsimamishia wimbo hata gavana, nikafunga mdomo neno likiwa nusu, nikampelekea maikrofoni.

"Mimi ni Auma wa Nyalenda," akasema kwa sauti yake ile ya kuitia kuku. Hakuipaza. "Mimi ndiye nilikataa kushusha besi. Mkono huu haukubanwa na mlango. Ulikanyagwa na huyu amelala hapa, mbele ya hoteli nzima, na bado unapiga. Mimi ndiye huyo." Hakuna aliyeshangilia. Mama mmoja nyuma ya hema alianza kulia, si kilio cha msiba. Felix alishusha mkono wake polepole, akakaa. Auma akanirudishia maikrofoni, akavaa mkanda wa gita.

"Haya, Siprosa," akasema. "Ilikuwa imebaki mistari."

Nikaimalizia yote.